Majirani Wanaoniharibia Upweke

Nyumba ya Mwisho,
Kisiwa cha Tarvøya.
Jumatatu, tarehe 3 Novemba.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri,

Pokea heshima zangu, kisha unisikilize.

Mimi ni Eilert Hovdenak. Miaka mitatu iliyopita niliacha kazi ya bima kule Bergen, nikarudi katika nyumba ya marehemu mama. Tangu hapo naandika blogu iitwayo Mpweke wa Tarvøya. Wasomaji wake elfu kumi na moja wananijua kama mtu asiyeonana na binadamu. Jina hilo nimelijenga kwa jasho, na majirani wanalibomoa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Bi Gudveig, wa nyumba ya pili, huingia kwangu kila asubuhi bila hodi, amebeba lefse, zile chapati laini za viazi, zikiwa bado za moto. Mtandaoni nimeshasema kifungua kinywa changu ni uji na ukimya. Juzi nilibandika picha ya meza yangu ya upweke, pembeni kikaonekana kiwiko. Msomaji mmoja akauliza, "Kiwiko hicho cha nani?" Nikamjibu ni gogo lililotupwa na bahari. Bi Gudveig alipolisoma jibu hilo alininunia siku nzima. Alininunia akiwa jikoni kwangu.

2. Oddvar, nahodha wa kivuko, hutangaza kwa kipaza sauti: "Abiria, kushoto kwenu yule ndiye mpweke wetu! Mpungieni, msimwonee haya!" Wanapunga. Nami, kwa malezi niliyopewa, napunga pia.

3. Hili ndilo lililonivunja. Mchapishaji wa Oslo, Bi Ragnfrid, alikuja kuuona upweke wangu ili autolee kitabu. Niliwasihi majirani wasitokee. "Usijali, Eilert," akasema Bi Gudveig, "tutakusaidia kuwa mpweke." Wakaja saba kunisaidia, wakajificha nyuma ya banda la kuni. Mvua ikanyesha. Mtu akapiga chafya, mwingine akamwambia, "Afya!" Bi Ragnfrid mwenyewe akawafungulia mlango: "Ingieni jamani, mtalowa!" Walikaa mpaka kivuko cha mwisho, wakiimba. Wakati wa kuaga akanishika mkono: "Bwana Hovdenak, upweke sijauona. Lakini hizi chapati!" Mkataba wa kitabu amepewa Bi Gudveig.

Kwa hiyo naomba Halmashauri ipige marufuku kunisalimia chini ya mita hamsini. Ikishindikana, abiria wa kivuko wakae upande wa kulia tu. Na hilo likiwa gumu, kijiji kizima kihamishiwe kaskazini mwa kisiwa. Mimi siwezi kuhama, nina blogu.

Wasalimie wote ofisini, na mkeo, na yule karani mwenye mafua.

Wako katika ukimya,
Eilert Hovdenak

Nyongeza, Ijumaa: Barua hii niliisahau dukani juu ya kaunta, bila bahasha, na kisiwa kizima kikaisoma. Mwenye duka alinirudishia bila kunitazama. Tangu siku hiyo hajaja mtu. Kivuko kinapita kimya. Siku nne hizi nimeupata upweke halisi, na kila nikikaa kuuandika sipati hata sentensi moja. Jana nilibisha hodi kwa Bi Gudveig. Akauliza kutoka ndani, "Mita hamsini umezipima?" Nikasema samahani. Kesho napika supu ya samaki ya watu kumi na wawili. Mheshimiwa, tafadhali njoo, na uje na viti.