Habari za Kupanda kwa Zipu ya Sketi ya Kijani

Sogeeni, enyi mliobandika maji ya chai na mlioroweka nguo kwenye ndoo. Sogeeni na ninyi mliokuja kuazima kibiriti tangu asubuhi na hamjaondoka, maana nafasi ipo, na kama haipo tutabanana. Nina habari kubwa, ambayo wapiga tarumbeta hawakuipigia na wachora ramani hawakuichora, kwa kuwa vita vyenyewe vilipiganwa juu ya mkeka, kati ya kabati na kitanda, na aliyevipigana alikuwa amelala chali. Ewe ulimi wangu, usiyejua kufunga duka, leo nenda taratibu. Usiruke jambo, wala usiongeze la kwako, ila pale ambapo usipoongeza utamu utapungua.

Palikuwa na fundi wa nguo za kike aliyeitwa na mtaa mzima Bi Pindo, kwa sababu pindo alilolishona yeye halikupata kufumuka hata mvaaji akimbizwe na mbwa. Huyo ndiye shujaa wetu: Bi Pindo, Mkata Kitambaa Bila Kusita, Mlinzi wa Mikasi, aliyejua viuno vyote vya mtaa kwa sentimita na katika miaka tisa hakupata kukitaja hata kimoja. Mteja akirudi na gauni lililombana, Bi Pindo hakuuliza neno. Aliligeuza, akafumua mshono, akatoa kitambaa cha akiba alichokikunja ndani tangu siku ya kwanza, upana wa vidole viwili kila ubavu, akashona upya na kusema, "Kitambaa kilijikunja, dada. Vitambaa vya siku hizi." Mteja akatoka kifua mbele, lawama ikabebwa na kitambaa.

Ikawa, miezi minne kabla ya siku tunayoiendea, Bi Pindo akajifungua mtoto wa kiume, Sultani Asiye na Meno, aliyeitawala nyumba kwa kilio na kuwalipa raia wake kwa kucheua mabegani mwao. Na wiki ya saba ya utawala huo, mama akainama kunyanyua beseni la nguo mbichi. Mgongo ukatoa sauti ya kijiti kikavu, naye akabaki ameinama pale pale, kama mtu aliyeona sarafu akaona haya kuiokota. Mumewe, fundi bomba aitwaye Spana, alimkuta hivyo akamzunguka mara mbili, kama anayetafuta panapovuja.

Akapelekwa kwa daktari wa viungo, mwanamke mwembamba, mchache wa maneno, naye akatoa hukumu.

"Usiiname. Usinyanyue kitu kizito kuliko mtoto. Usikimbie, usiruke kamba. Kula, maana unanyonyesha. Ila kula chako, usimalizie cha wenzako. Tembea. Na kila siku ulale chali, ukunje magoti, uvute tumbo ndani, uhesabu kumi, uachie. Uzito ukipungua na misuli ya tumbo ikiamka, mgongo utapumua. Siku utakayokaa kitini saa nzima bila maumivu, rudi kazini."

Jambo la kurudi kazini halikuwa dogo, enyi wasikilizaji. Duka alilofanyia kazi lilikuwa na vyerehani vitano, na kimoja tu kilikaa dirishani, penye mwanga wa asubuhi na penye kuona kila anayepita. Hicho ndicho kilikuwa kiti cha enzi cha Bi Pindo. Na mwenye duka, mama mwenye miwani ya kamba, alikuja kumwona mtoto, akamsifia pua, kisha akanena kwa upole uliochoma, "Nakushikia kiti mpaka tarehe mosi, mdogo wangu. Baada ya hapo kuna wawili wanakichungulia, na mmoja ameshaanza kukifuta vumbi."

Zilibaki siku thelathini. Hapo Bi Pindo akala kiapo ambacho hakuombwa na mtu. "Tarehe mosi nitakuja," akasema, "na nitakuja nimevaa sketi yangu ya kijani." Sketi hiyo aliishona kwa mikono yake kabla ya mimba, na katika kazi yake mteja hutazama kwanza alichovaa fundi, ndipo aulize bei. Jioni hiyo aliijaribu. Zipu ilipanda kidogo, ikasimama katikati ya njia kama lori lililokwama mlimani.

Basi vita vikatangazwa. Upande mmoja Bi Pindo; upande wa pili Kilo Tisa, jeshi lililopiga kambi kiunoni na kukataa barua ya uhamisho. Asubuhi ya kwanza shujaa akatandika mkeka, akashuka kwa hatua saba, goti, mkono, ubavu, kama jengo linalobomolewa kwa adabu, akalala chali, akakunja magoti, akavuta tumbo. Mishipa ya shingo ikamsimama. Dunia ikatikisika. Kwa nje hakikuonekana chochote.

Mlangoni akatokea mama mkwe, Malkia wa Masufuria, aliyekuja kwa wiki mbili za kumsaidia mzazi na sasa alikuwa na ndoano yake ya kutundikia kanga.

"Umelala, mwanangu?"

"Nafanya mazoezi, mama."

Malkia akasubiri. Akainamisha kichwa upande huu, akakiinamisha upande ule. "Yameanza?"

"Niko katikati."

"Haya. Ukimaliza kulala, kuna uji."

Nao uji huo uliletwa katika bakuli ambalo ungeweza kumwogeshea Sultani humo. Hapo ndipo ugumu wa vita ulipojulikana, kwa maana adui wa kiunoni alikuwa na ghala jikoni, na mwenye ghala alikuwa anampenda shujaa kwa moyo wote. Bi Pindo alikunywa kikombe kimoja kwa heshima, akalirudisha bakuli, na Malkia akalitazama kama barua iliyorudishwa bila kufunguliwa.

Siku ya tisa akaja Redio, jirani wa mlango wa pili, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hana kitufe cha kuzima. Akavuta kigoda, akaketi juu ya uwanja wa vita.

"Shoga, nimewaambia watu unafanya mazoezi makali. Sasa nimekaa hapa robo saa, sijaona hata jasho."

"Jasho liko ndani."

"Na kilo zinatokea wapi, humo humo ndani?"

"Nane... tisa... kumi," akajibu shujaa, akaachia pumzi iliyopeperusha pazia, au tuseme pazia lilikuwa karibu kupepea.

Jioni alitoka kutembea, mumewe akimfuata na mtoto kifuani, kutoka mlangoni hadi duka la dawa la kona na kurudi, kwa mwendo wa bibi harusi anayeogopa kukanyaga shela. Redio alitangaza kutoka dirishani, "Amefika kwenye nguzo. Amepita nguzo." Na kila baada ya chakula alikaa kwenye kiti cha mbao, macho kwenye saa ya jikoni, akiusikiliza mgongo. Wiki ya kwanza mgongo ulilia dakika ya kumi na nane. Wiki ya pili, ya ishirini na tano. Wiki ya tatu ukafika arobaini, na hapo ukang'ang'ania. Arobaini leo, arobaini kesho, thelathini na nane Ijumaa. Na sketi nayo, alipoijaribu Jumatano, ilikataa bado. Usiku huo Spana alimsikia akihesabu kumi usingizini.

Ikafika Jumamosi, na Jumatatu ndiyo tarehe mosi. Saa nne na nusu asubuhi Bi Pindo akaichukua sketi kwenye msumari, akaingia ndani yake mguu mmoja baada ya mwingine, akashika kishikizo cha zipu, akavuta pumzi ya kufia vitani, akavuta.

Zipu ikapanda. Ikapanda yote, bila kusita, bila hata kuomba njia, na kiunoni pakabaki nafasi ya kuingiza daftari.

"Ameweza!" akapaza sauti Malkia wa Masufuria, mapema kidogo kuliko ilivyostahili, maana alikuwa amempa mgongo, anafunga kopo la maziwa. Spana akapiga makofi matatu, akayaacha.

Lakini Bi Pindo hakucheka. Alijua viuno, wasikilizaji, na alijua kwamba kiuno hakihami kati ya Jumatano na Jumamosi. Akateremsha mkono ubavuni, kidole kikapita juu ya mshono, kikakutana na fundo lenye ukubwa wa punje ya mchele. Akaivua sketi, akaigeuza, akaipeleka dirishani. Mshono ulikwenda kushoto, ukaenda kulia, ukarudi kuulizia njia.

"Nani ameshona hapa?"

Spana akatazama dari, kama huko kuna bomba.

"Baba Mtoto. Uzi mweusi kwenye kitambaa cha kijani?"

"Wa kijani haukuwepo."

"Ulikuwepo. Uko kwenye kopo la biskuti."

"Nilimwambia," akadakia mama mkwe. "Nilimwambia uko kwenye kopo la biskuti, yeye akasema tutachelewa, utaamka." Na hapo Malkia akatambua kuwa amejitaja mwenyewe, akamchukua Sultani kitandani, akamweka mbele ya kifua kama ngao.

Kisha Spana, Mshika Mabomba, ambaye katika maisha yake hakuwahi kusema sentensi tatu mfululizo asipokuwa anaeleza kwa nini maji hayatoki, akasimama akahutubia.

"Nimekuona mwezi mzima. Umelala chini unavuta tumbo mpaka unabadilika rangi, na hakuna anayeona kitu. Mimi naona. Nikasema, Jumatatu hii mtu atakosa kiti chake kwa ajili ya zipu? Bomba likibana, mimi hulipanua. Nikakuta ndani kuna kitambaa cha akiba, vidole viwili kila upande. Nikakitoa chote."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Kitambaa kilijikunja."

Maneno hayo yalimfika. Akacheka, kwa uangalifu, maana mgongo haupendi kicheko cha ghafla. Miaka tisa aliwapanulia wanawake wa mtaa mzima bila kuwahukumu, na kwa mwezi mmoja hakujipanulia mwenyewe hata unywele mmoja.

"Ila siwezi kwenda dukani na mshono huu," akasema. "Nitaonekana nimeshonewa na fundi bomba."

Akaketi mbele ya cherehani chake cha mkono pale mezani, saa tano kasoro kumi kwa saa ya jikoni, ingawa hakuitazama. Akafumua mafundo ya mumewe moja moja kwa wembe, na yalikuwa mengi, na mengine yalipigana. Akajipima kiuno kwa kamba yake, ile ile iliyowapima wengine wote, akaisoma, akaisoma tena. Akapiga alama kwa chaki. Mshono wa zamani hautoshi, kweli. Lakini vidole viwili vilikuwa vingi. Alihitaji kidole kimoja. Kile kingine kilikuwa ni cha kwake, kimetekwa juu ya mkeka, kwa kuhesabu, mbele ya mashahidi ambao hawakuona kitu.

Akaweka uzi wa kijani, akazungusha mkono, sindano ikakimbia ubavu wa kushoto, ikakimbia ubavu wa kulia, akakata uzi.

"Mwanangu," akasema mama mkwe polepole. "Hii saa inakwenda?"

"Inakwenda. Kwani vipi?"

"Ni saa sita na dakika tano."

Mikono ya Bi Pindo ikasimama. Akausikiliza mgongo, juu, katikati, chini, kama mtu anayesikiliza mlangoni kwa mdeni. Ulikuwepo. Ulikuwa umechoka kidogo, kama yeye. Lakini haukulia. Saa nzima na robo ilikuwa imepita, na hakuna aliyeihesabu.

Akavaa sketi. Zipu ikaenda, ikafika palipokwama siku zote, ikasimama. Akavuta tumbo ndani, moja, mbili, mpaka kumi, na ikapanda, kwa haki, kwa jasho la ndani, ikafika juu na kusema tik. Sultani Asiye na Meno akacheua. Redio, aliyekuwa dirishani mwake kwa sababu zake, akaitangazia barabara nzima, na mpanda baiskeli mmoja asiyemjua mtu akapiga kengele.

Iandikwe, basi, kwamba Jumatatu, tarehe mosi, Bi Pindo aliingia dukani saa mbili kamili, akaketi kwenye cherehani cha dirishani, na aliyekuwa akikifuta vumbi akarudi kwenye benchi na kitambaa chake. Vyerehani vinne vikanyamaza. Mwenye duka akainua miwani ya kamba, akaitazama sketi juu mpaka chini.

"Umepungua sana, mdogo wangu?"

Na hapo, ndani ya duka ambalo kwa miaka tisa hakikutajwa kiuno cha mtu, Bi Pindo akataja cha kwake, akainua kidole kimoja ili hata wa nyuma waone.

"Kidole kimoja," akasema. "Kila ubavu. Kingine bado nakidai."