Sinema Niliyoikataa Kabla ya Kuiona

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Matusi! Hajji Abdul-Karim, mwenye kibanda cha sinema hapa Bukoto, ameniita leo asubuhi akanionyesha simu yake. Nyayo za Juu imetengenezwa upya. Waigizaji wapya, nyumba mpya, hata mvua mpya. Akaniuliza kama nitaitafsiri Jumamosi, kwa maikrofoni mbele ya watazamaji, kama kawaida yangu.

Nyayo za Juu! Filamu yangu! Wakongo wenzangu wote wa mtaa huu wanaijua kwa sauti yangu. Daktari anakaa peke yake katika nyumba ya ghorofa. Kila jioni anasikia mtu akitembea juu. Anapanda, hakuna mtu. Watazamaji wanashika vichwa. Mwishowe inajulikana kuwa anayetembea ni yeye mwenyewe, usingizini. Mambo mengine humo siyaelewi hadi leo (yule ndege ndani ya kabati ni wa kazi gani?), lakini huo ndio ukubwa wake.

Nikamwambia Hajji kwamba kazi kama ile hairudiwi. Kwamba mimi, Anselme, siwezi kuweka sauti yangu juu ya uchafu. Akauliza kama nimeshaiona. Sihitaji kuiona! Nilikuwa nimepanga kukataa mara mbili, nibembelezwe, kisha nikubali. Hajji akasema sawa, akampigia Faruk simu nikiwa nimesimama palepale.

Faruk! Mnubi anayetafsiri filamu za kung fu! Mtu anayesema "kurara" badala ya "kulala"!

Kuna baya zaidi. Hajji amesema Faruk akikijaza kibanda Jumamosi hii, Jumamosi zote zitakuwa zake. Mimi nitapewa mchana wa katikati ya wiki, ambapo wateja ni watu wa bodaboda wanaokuja kujinyoosha kwenye mabenchi na kukoroma.

Jumanne, 9 Septemba

Nina mpango. Mzuri sana. Nitawaambia watu wote mwisho wa hadithi. Nani atakwenda kuona fumbo ambalo jibu lake analo mfukoni?

Nimeanzia soko la Owino, kwa mke wangu Kahambu, anayeuza vitenge. Nikasimama katikati ya meza zao nikatangaza: hakuna mtu juu, ni daktari mwenyewe! Filda, fundi cherehani wa meza ya pili, aliangusha mkasi. Safi. Kisha saluni ya Benedicte. Wanawake walio chini ya mashine ya kukaushia nywele hawana pa kukimbilia. Nikawaeleza yote, na miguu ya daktari nikawaigizia.

Kahambu ameniuliza kwa nini naichukia filamu ambayo sijaiona. Nimemjibu kuwa ni suala la msimamo. Akasema mbona msimamo wangu unatoka jasho.

Alhamisi, 11 Septemba

Balaa. Filda amekuja hadi nyumbani kuuliza kibanda kinafunguliwa saa ngapi. Benedicte amemwambia Hajji amwekee benchi zima, la saluni. Nikakimbia kwake. Nikamuuliza anakwenda kufanya nini na mwisho anaujua!

"Ndiyo maana ninakwenda, Papa Exaucée," akasema, akiniita kwa jina la binti yangu. "Mimi huwa naogopa filamu hizo. Sasa sitaogopa. Nitakaa nikiwacheka wengine."

Mpango wa pili, haraka. Nimemwendea Guerschom, kiongozi wa kwaya yetu. Nikamwambia kwa huzuni kwamba sauti za juu zimelegea, kwamba watu wanalalamika, kwamba wanakwaya wote wafanye mazoezi Jumamosi. Guerschom aliguswa. Alinishika mikono yote miwili. Akaniahidi Jumamosi. Kwaya nzima haitaonekana kibandani! Nimekula vizuri leo.

Ijumaa, 12 Septemba

Guerschom amepanga mazoezi Jumamosi ASUBUHI. Mchana atawapeleka wanakwaya wote kwa Hajji, kama matembezi. Amesema wazo limemjia nilipokuwa nikiongea naye, na kwamba nina moyo wa kujali watu.

Hajji amekodi mabenchi ya harusi.

Kahambu naye anakwenda. Mke wangu! Nikamkumbusha jina langu katika mtaa huu. Akasema basi twende wote. Nimekubali, lakini kama mkaguzi tu. Isidhaniwe kwamba nina hamu. Nimenyoa ndevu kwa sababu zilikuwa ndefu.

Jumamosi, 13 Septemba

Nilivaa kofia na miwani myeusi, mtu asinitambue. Hajji mlangoni: "Karibu Anselme, angalia ngazi, huoni vizuri na hiyo miwani." Kwa sauti!

Kibanda kimejaa hadi watu wamekaa kwenye magoti ya watu. Nikaanza ukaguzi. Nyumba ni safi mno. Daktari ni mzuri mno, hakuna daktari mwenye nywele za namna ile. Ndege wa kabatini wamemwondoa! Nilifurahi kupata kosa kubwa kiasi hicho, kisha nikaona uchungu, kama mtu aliyerudi kwao akakuta jirani amehama. Faruk akasema "anarara" mara nyingi. Nilitazama huku na huku niwaone wanaokereka. Walikuwa wanatazama filamu.

Na walikuwa wanacheka! Kila nyayo zikisikika, benchi la saluni linapiga kelele: ni wewe mwenyewe, daktari, kalale! Wanakwaya wakaitikia kwa sauti nne.

Kisha daktari akapanda ngazi. Akafungua mlango.

Ndani kuna mwanamke.

Amekaa mezani. Daktari anamwita, hasikii. Anasimama mbele yake, haonwi. Kumbe mwanamke ndiye mwenye nyumba. Daktari ni mume wake aliyekufa, na yote tuliyoyaona tangu mwanzo ni yeye mama huyo anayeyawaza, akisikiliza kama mumewe bado anatembea chini.

Kisha Filda akalia kwa sauti kubwa. Mimi nikajikuta nimesimama.

"Uongo!" nikapiga kelele. "Huyo mama hayumo! Hajawahi kuwemo!"

Kibanda kizima kikaniambia nikae. Kahambu akanivuta shati.

"Mzee Anselme," Faruk akasema kwenye maikrofoni, kwa upole, "hata mimi nilishtuka. Kaa kidogo tuone."

Mzee! Sijafika hata hamsini!

Nikakaa. Mwanamke akatoa vikombe viwili. Akamimina chai katika vyote viwili. Nyayo zikaanza kupanda ngazi, taratibu. Hapo Faruk akaweka maikrofoni chini. Hakusema neno hata moja. Mtafsiri, katikati ya kazi, amenyamaza! Ikabaki mvua tu. Nilitaka kumpigia Faruk kelele afanye kazi aliyoitiwa. Lakini miwani ikaingia ukungu kwa ndani. Kahambu akanipa ncha ya kitenge chake bila kunitazama.

Tulipokuwa tunarudi amesema kwamba katika ile ya zamani hakuwahi kujua kama mwishoni kuna mvua. Nimemwambia ipo, ipo sana. Kwa nini hakuisikia?

"Ulikuwa unaongea, Papa Exaucée."

Niwe mkweli humu, kwa kuwa hakuna anayesoma. Hii mpya ni bora. Hapana. Ya zamani ni bora, ina ndege. Lakini hii ina chai. Ya zamani iliniacha nikijikuna kichwa. Hii imenifanya nimshike Kahambu mkono njiani, mbele ya watu, jambo ambalo sijalifanya tangu tulipokuwa kwetu Butembo. Ni uchafu. Nataka kuiona tena.

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya ibada watu wamenizunguka. Nikajiandaa kuzomewa. Wananishukuru! Wanadhani niliwadanganya makusudi, ili mwisho uwapige vizuri. Filda anasema hajawahi kudanganywa vizuri namna ile na mwanamume. Hajji amekuja na halua, anataka kwa kila filamu nizunguke mitaani nikiwaambia watu mwisho usio wa kweli. Jumamosi, bila shaka, ni za Faruk.

Alasiri akaja Faruk mwenyewe na samaki mkubwa kutoka ziwani, Ggaba. Akasema kazi hii alijifunza kwa kunisikiliza mimi, akiwa amesimama nje ya kibanda. Ameongea na Hajji: Jumamosi ijayo tufanye wawili. Mimi ya zamani, kisha yeye mpya, watu wabishane wenyewe. Akaniuliza mimi huwaliza watu kwa njia gani. Nikamwambia ni kipaji. Nilikaribia kumpenda.

Kahambu akanikanyaga mguu. Nikakubali, nikashukuru.

Jumanne, 16 Septemba

Nimefikiri. Nani huleta samaki bila sababu? Anataka watu wanisikie mimi kwanza, wachoke, kisha wamsikie yeye kama maji baridi. Nimemgundua!

Basi nitampiga kwa silaha yake. Jumamosi nitanyamaza. Tena kwa muda mrefu kuliko yeye, kuanzia ngazi hadi mwisho kabisa. Shida ni moja: watu wamenizoea. Nikinyamaza ghafla watadhani maikrofoni imekufa. Lazima waandaliwe. Kwa hiyo nimetunga maneno ya kuwajulisha kwamba sasa nanyamaza. Katikati, mengine ya kuwakumbusha kwamba bado nimenyamaza. Halafu nawaonyesha mvua, inanyesha upande gani. Mwishoni nalinganisha ukimya wangu na wa Faruk, ambao kwa kweli ulikuwa mfupi.

Leo mchana nimefanya mazoezi mbele ya Kahambu. Alisikiliza kidogo, akachukua kikapu, akaenda kununua chumvi. Chumvi tunayo. Nadhani aliguswa.