Bunda la Heshima

Jumatatu, 4 Novemba

Kumi na tisa! Kwa mia! Mimi, Hezekiah Njoka, niliyeendesha trekta kwenye ngano ya Timau tangu nywele zikiwa nyeusi, nimepata kumi na tisa katika somo la ngano. Darasa zima limecheka. Watoto wa juzi hawa! Wengine niliwafukuza shambani kwa meneja wakiiba mahindi mabichi.

Kosa si langu. Ni la Kaburu. Yeye ni dereva mwenzangu, tulitahiriwa pamoja, na mtu wa rika hafai kumfanyia mwenzake hivi. Nilikaa nyuma yake kwa makusudi. Akaandika kwamba ngano hupandwa kwa vipandikizi, kama viazi vitamu. Nikashangaa, lakini nikanakili. Nilidhani sayansi imesonga mbele. Kumbe baada ya mimi kuinama akafuta, akaandika mbegu! Amepata sabini na moja.

Na sisi wawili tunagombea kiti kimoja. Nyapara wetu anastaafu Desemba, na meneja amesema nyapara mpya lazima awe na cheti cha kilimo. Ndiyo maana nikajisajili chuo cha jioni nikiwa na miaka arobaini na tisa. Mwalimu Gacheri amesema mtihani wa mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo. Chini ya arobaini, nje. Mimi nitakaa mbele kabisa, peke yangu.

Jumatano, 6 Novemba

Mpango wa miwani umekufa. Nilimwambia mwalimu miwani yangu imekanyagwa na ng'ombe, kwa hiyo kwenye mtihani nisomewe maswali, na ikiwezekana anayesoma akazie sauti kidogo akifika kwenye jibu. Akasema atanichapishia karatasi yenye herufi kubwa. Kisha akaniuliza ni lini nilianza kuvaa miwani.

Mwanamke mgumu huyu. Mdogo kwangu kwa miaka kumi na mitano, hajaolewa, hacheki.

Kinya, mke wangu, ameniuliza kwa nini nisisome tu. Nimemwambia kusoma ni njia ndefu.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimepata njia fupi! Mlinzi wa chuo ameniambia mwalimu Gacheri ni wa Muthara, binti wa mzee Gitobu, na mzee huyo anapenda miraa kuliko chakula. Nani asiyejua kwamba mlango wa binti mgumu ni baba yake? Nampelekea mzee zawadi nzuri, mzee anamwambia binti yake neno moja, binti analegeza kalamu. Hiyo si hongo. Ni heshima kwa wazee.

Kinya nimemwambia Jumamosi nina mafunzo ya vitendo kule Laare.

Jumamosi, 9 Novemba

Laare, kwenye soko la miraa. Sisi wa Timau ni watu wa ngano na viazi, miraa tunaiona ikipita tu. Kwa hiyo nilitafuta mfungaji wa miraa anayejulikana, Mwirigi, nikamwambia anifungie bunda la heshima kuliko yote anayojua kufunga. Akauliza ni la nani. Nikasema ni la mzee mmoja wa Muthara, ana binti, na kuna jambo nataka kwa huyo binti.

Mwirigi akanitazama kuanzia kofia hadi viatu. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia sijawahi kuwa na hakika kama leo. Basi akaagiza majani mabichi ya mgomba, akachagua vijiti kimoja kimoja, akafunga taratibu kama anayevisha mtoto wa kubatizwa. Wenzake wakaacha kazi kuja kutazama. Mmoja akanishika mkono akaniambia hakuna kuchelewa katika mambo haya. Nimewapenda sana watu wa Laare. Wanathamini elimu.

Jumapili, 10 Novemba

Ushindi! Kule Muthara mzee Gitobu alilitazama bunda. Akasimama. Akalipokea kwa mikono miwili! Kisha akaita ndugu zake wawili kutoka boma la jirani, wakalifungua pamoja na kuanza kutafuna, macho yanawang'aa.

Wakaniuliza ukoo wangu. Nikawaambia. Wakauliza kama nina shamba. Ninalo. Ng'ombe? Wawili. Mzee mmoja akasema, kwa upole, kwamba naonekana mtu mzima kidogo kwa jambo kama hili. Nikakiri kwamba nimechelewa, ila moyo ninao. Wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mama yake Gacheri alichungulia kutoka jikoni, akapiga kigelegele kimoja akakimeza. Nikaona hiyo ni kupita kiasi kwa mtihani wa cheti, lakini kila mahali na mila zake.

Mzee Gitobu aliniahidi kwamba atazungumza na binti yake. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumanne, 12 Novemba

Mwalimu Gacheri hakunitazama leo hata mara moja. Aliangusha chaki mara mbili. Nilipomwambia kwa sauti ya chini kwamba natumaini mzee amemweleza, akatoka darasani.

Dawa inafanya kazi.

Jumatano, 13 Novemba

Sina hamu ya kuandika, lakini nitaandika.

Nimetoka kazini nikakuta kofia tatu za wazee zimepangwa ukutani barazani kwangu. Kinya akanipokea langoni, kitu ambacho hafanyi. Akaniambia, "Baba Winrose, wakwe zako wamefika."

Wakwe! Mzee Gitobu na ndugu zake walikuja kuona boma ambako binti yao ataolewa! Kumbe kule kwao bunda lililofungwa vile kwa majani ya mgomba, lina jina lake, ncoolo, na kazi yake ni moja tu: kuomba mchumba. Mzee akilipokea na kulitafuna, amekubali. Na walilitafuna lote!

Kinya alikuwa amewapa chai na mukimo. Alikuwa amewatembeza kila mahali, zizini, jikoni, mpaka pale karibu na banda la kuku, akawaonyesha kiwanja cha nyumba ya mke mdogo. Aliwaambia amekuwa akiomba msaidizi kwa muda mrefu. Akauliza swali moja tu, kama mwalimu anajua kukama. Wazee hawakujua waangalie wapi.

Nikaeleza. Nikaeleza mtihani, vipandikizi, miwani. Kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuharibika. Mzee Gitobu alisema kwa hasira kwamba ameliambia kanisa zima. Alisema binti yake alilia kwenye simu, kwamba baba amemuuza kwa mwanafunzi anayeongoza kutoka nyuma. Miraa iliyokwisha kutafunwa hairudishwi, kwa hiyo nimeamriwa kupeleka kondoo dume kuosha aibu.

Walipoondoka, Kinya hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa kwenye kigoda, akaniambia kwamba kwa muda wa kikombe kimoja cha chai aliamini kwamba ni kweli. Niliona aibu mpaka masikioni. Nampenda mke wangu. Nilitaka kumwambia, nikamwambia ng'ombe hawajapewa maji.

Alhamisi, 14 Novemba

Timau nzima inaniita bwana harusi. Ila Kaburu ameonyesha ubinadamu. Alinivuta pembeni ya trekta, akasema rika ni rika, akaninong'oneza kwamba mtihani wa kesho ni viazi mbatata tupu. Machozi yalinilengalenga.

Nimeandika viazi vyote ndani ya kofia yangu. Magonjwa, mbolea, nafasi kati ya mitaro. Kinya alinikuta nikiandika. Aliuliza kama kuna kitu nimejifunza tangu jana. Nimemwambia nimejifunza kuandika herufi ndogo.

Ijumaa, 15 Novemba

Ngano! Swali lote ni ngano! Eleza kwa kirefu jinsi ngano inavyolimwa, kuanzia kutayarisha shamba hadi kuvuna!

Ningeweza kuandika usingizini. Lakini mtu akishatumia jioni nzima kujaza kofia, anaiacha vipi? Na swali rahisi namna ile lazima ni mtego. Nikaandika viazi. Mwanzo nikatia sentensi moja, kwamba mkulima mwerevu wa ngano hupenda pia viazi.

Mwalimu Gacheri hakukusanya karatasi yangu. Aliomba mwalimu mwingine aisahihishe, watu wasije wakasema.

Jumamosi, 23 Novemba

Ishirini na mbili. Nimepanda alama tatu, na hakuna aliyelitaja hilo. Kaburu amefaulu. Desemba yeye ndiye nyapara, nami nitakuwa nikimwamkia kabla ya kupanda trekta. Inauma. Sitaki kusema uongo hapa, inauma sana.

Kondoo amefika Muthara. Kinya alimpeleka mwenyewe, akaniombea msamaha kwa mwalimu Gacheri, na wakaongea mpaka mchana. Chuo kimekubali nirudie kuanzia Januari, kwa sharti moja, ambalo ni la Kinya: naye anajisajili, dawati lake litakuwa kando ya langu. Meneja amesema nikipata cheti kuna nafasi ya unyapara upande wa viazi.

Nimekaa nikafikiri kwa makini nilipokosea. Nimepaona. Nilikosea kwa kuchagua miraa, kitu cha watu wengine. Januari somo la ngano litafundishwa na mwalimu mpya kutoka Embu, anaitwa Muturi. Mwanaume! Hana dada. Nimeuliza. Ana mama tu, mjane, mwenye afya nzuri, anayeishi peke yake na anapenda asali. Jumatatu napanda gari kwenda Embu na kibuyu kizima cha asali, nitamkabidhi mama huyo mkononi, mbele ya majirani, ili heshima ionekane.

Kinya alikuwa anakunywa chai nilipomweleza. Ilimpalia. Alipopata pumzi aliniuliza kama nimemuuliza mtu yeyote asali hupelekwa kwa mwanamke kwa sababu gani.

Niulize ya nini? Asali kila mtu anaijua.