Maneno Sita Kwenye Bitana

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Ndiyo, ni salama! Nimemjibu Shangazi mara nne, na kauliza mara tatu tu. Mafaili yake yanakatwa vipande, yanapigwa kufuli, nakala moja inalala kwenye kompyuta yangu ya kibandani, nyingine kwa shemeji kinyozi. Ya kwetu nayo yanalala kwake. Hakuna wa kuchungulia. Hata mimi niliyeweka programu, nikifungua naona kama kuku kakanyaga wino. Hakuna kampuni hapa, ni damu tupu. Shangazi akasema hiyo damu ndiyo inayomtia wasiwasi.

Ana haki. Ni fundi cherehani, na laptopu yake imebeba vipimo vya manesi arobaini. Sare zisipokatwa Ijumaa, kazi inahamia kwa yule fundi wa ghorofani anayepita mlangoni akipiga mluzi.

Ufunguo ni maneno sita. Nimemwambia ayaweke mahali, asimwonyeshe mtu, hata mimi. Hasa wewe, akasema.

Jumanne, tarehe 4

Diski yangu imejaa! Vipande vya Shangazi huku, video zangu za mechi za zamani kule. Nikafikiri kiutu uzima. Si shemeji anayo nakala? Nikafuta vipande. Mechi zimetandazika raha mustarehe.

Mchana nikamfunga shemeji drafti mbele ya wateja wake. Nikatangaza matokeo mpaka dirishani. Kanuna! Kachomoa waya wa kompyuta, kasema umeme wake haulishi mafaili ya watu wa kelele.

Jumatano, tarehe 5

Balaa! Pasi ya moto imeangukia laptopu ya Shangazi. Imekufa bila kuaga. Shangazi hakulia. Kakaa mbele ya cherehani, mikono mapajani. Heri angelia. Akaniuliza kama vipande vyake viko salama kwangu. Nikasema viko salama kabisa, kwa shemeji.

Shemeji kaweka masharti ya kurudisha waya. Nikae kwenye kiti chake aninyoe atakavyo, halafu nikiri kwa sauti kwamba kwenye drafti niliiba kete. (Niliiba. Kajuaje?) Nikakaa. Nikakiri. Sasa nina njia pana katikati ya kichwa, kama barabara inayosubiri lami. Mteja mmoja kacheka mpaka kapoteza nusu ya sharubu.

Lakini waya umerudi! Vipande vipo vyote! Vimeshuka kwenye kompyuta yangu. Mechi tatu zimevipisha, roho inauma. Nikambusu shemeji kwenye paji la uso. Kajifuta kwa taulo la wateja.

Kilichobaki ni ufunguo tu.

Alhamisi, tarehe 6

Shangazi kasema karatasi hupotea, uzi haupotei. Basi yale maneno sita kayadarizi! Kwenye bitana ya koti, ndani, upande wa kushoto. Leo kaligeuza koti lake: bitana nyeupe pe. Alishona makoti mawili ya kitambaa kimoja, lake na la mteja. Kadarizi la mteja. Mteja kalichukua juzi.

Mteja nani? Mwalimu mkuu wa kike! Yule yule aliyenifundisha darasa la nne, akaniambia tutaonana tena siku nikipata akili.

Nikaenda shuleni hivyo hivyo, na barabara yangu kichwani. Nikamwomba avue koti. Karani wake akamwita mlinzi. Nikaeleza mbio mbio kabla mlinzi hajafika. Kumbe maneno kayaona. "Punda sahani mvua goti kengele asali." Alidhani ni dua ya fundi. Jana na leo asubuhi kayasoma kabla ya kuingia darasani, na anasema watoto wametulia kweli.

Akanipa penseli nijinakilie. Akanirudisha mara mbili kwa mwandiko mbaya.

Nikarudi mbio, nikaandika. Kufuli likaachia! Manesi wote arobaini, viuno, mabega, hata yule mrefu kupita wote! Shangazi akasema, "Njoo hapa, mtoto wa kaka yangu," akanishika masikio yote mawili. Hapo ndipo akalia.

Ijumaa, tarehe 7

Nguo zimekatwa, zote! Shemeji kafunga saluni aje kushika kitambaa. Fundi wa ghorofani kapita, midomo kaikunja, mluzi haukutoka.

Shangazi kachagua maneno mapya sita. Kaniapisha nisifute tena kipande chake. Nikaapa, mkono kwenye cherehani.

Jumapili, tarehe 9

Sijafuta! Nimehamisha tu. Jana kulikuwa na mechi mbili kali, ningeziweka wapi? Vipande vya Shangazi viko kwa shemeji, kwenye folda nyingine. Hapo tayari ni nakala mbili.

Sasa wewe unayesoma shajara yangu bila ruhusa, tusigombane, tufanye biashara. Nipe nusu ya diski yako. Mimi nakupa nusu ya diski ya shemeji, usimwambie. Na ufunguo wako usihangaike kuuandika wala kuudarizi. Ninong'oneze mimi. Mimi sisahau kitu. Tumeelewana?