Lebrón Aende, Mrushaji Aje

Ijumaa, 5 Desemba

Tumefungwa tena kwenye besiboli. Kumi na moja kwa tisa. Timu nyingine ikipata tisa inashinda na kulala mapema. Sisi wa Baní tukipata tisa tunafungwa. Mrushaji wetu wa kuanza alitolewa awamu ya pili kati ya tisa, mkono umelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Aliyemfuata hakuifikia ya tano. Wa tatu simtaji jina, mama yake ni mteja wangu.

Na Yohandri Lebrón, mlinzi wetu wa nje? Alipeleka mpira nje ya ukuta mara mbili. Kisha akaruka karibu na uzio, akadaka mpira akiwa amelala hewani. Uwanja mzima ukaimba jina lake. Watu wamerudi majumbani wakiimba. Tumefungwa, na watu wanaimba!

Hapo ndipo akili iliponijia. Mlinzi wa nje, hata awe malaika, kazi yake ni kusubiri mpira umfikie. Mrushaji ndiye anayeishika mechi mkononi. Wenzetu wa Santiago wana warushaji wa kumwaga na hawana mtu wa kupiga. Tuwape Lebrón, watupe yule mrefu, Osvaldo Quezada. Rahisi kama kuziba pancha.

Nikalieleza jambo hili dukani kwa Nereida, tukicheza dhumna. Shemeji yangu Milcíades, kaka wa mke wangu, akaweka kete yake mezani taratibu. Milcíades ni mfamasia na mwenyekiti wa tawi letu la mashabiki, na kazi zote mbili anazifanya kwa sauti ileile ya kumwambia mgonjwa ameze kabla ya kula. Akasema fundi wa matairi asijaribu kuziba timu. Meza nzima ikacheka. Hata Nereida, ambaye sijapata kumwona akicheka tangu afungue duka.

Sawa. Meneja wa klabu anakuja Jumapili ijayo kusikiliza maoni ya mashabiki, kabla muda wa kubadilishana wachezaji haujafungwa. Siku zipo. Milcíades atanitambua.

Jumamosi, 6 Desemba

Mpango wa kwanza: redio.

Nilipiga simu kwenye kipindi cha michezo cha asubuhi. Nikajifanya Don Heriberto, mrushaji mstaafu wa La Vega. Sauti nzito, ya mtu aliyekula sana chumvi. Nikaeleza kwamba enzi zetu hakuna timu iliyotwaa ubingwa kwa kupiga peke yake. Mtangazaji akaniitikia kwa heshima, ndiyo mzee, kweli mzee. Nilikuwa napaa.

Mara mashine yangu ya upepo ikajiwasha yenyewe hapo nyuma. Ile mashine huanza kwa kukohoa, halafu inapiga mluzi.

"Don Heriberto," akasema, "kumbe na huko La Vega mna mashine ya upepo kama ya Fausto wa Baní?"

Nikakata simu. Jikoni mke wangu Iris alikuwa akikaanga ndizi, redio imewashwa. Aliniwekea sahani mezani akaniuliza kama Don Heriberto anapenda yai lake limeiva sana.

Mchana kutwa wateja wamekuja kumwomba Don Heriberto awapimie upepo.

Jumatatu, 8 Desemba

Mpango wa pili hauhitaji simu. Unahitaji kinyozi.

Nimekwenda kwa Santo kunyoa ndevu. Katikati ya povu nikamwambia, kwa siri kabisa, kwamba nimesikia goti la Lebrón si zima. Anakimbia kwa maumivu. Klabu yenye akili ingembadilisha sasa hivi, kabla wengine hawajajua. Wembe wa Santo ukasimama shingoni mwangu. Akaapa kwamba siri hii itabaki kinyozini.

Kinyozini hapo tulikuwa watu saba.

Si uongo mtupu. Lebrón ana goti. Ana mawili. Na goti la mtu anayeruka vile lazima siku moja litauma. Mimi nimetangulia tu kidogo.

Jumatano, 10 Desemba

Asubuhi lilikuwa goti. Kufika saa sita, kwa muuza mikate, likawa goti na nyonga. Alasiri kaja mteja wa pikipiki, macho mekundu, akaniambia kijana wetu anakatwa mguu leo mji mkuu. Nikamwambia hapana, ni goti tu. Akanijia juu kwamba sina moyo wa kibinadamu. Akaondoka na tairi lake likiwa halijajaa.

Padri ametangaza sala maalumu. Milcíades naye ameweka picha ya Lebrón kwenye dirisha la famasia, na pembeni yake kapanga bandeji za goti. Mji mzima umezinunua. Watu wanazivaa kumuunga mkono Lebrón! Nimemwona Nereida anahudumia wateja akichechemea. Nimemuuliza kama na yeye kaumia. Akasema hapana, lakini ukishaivaa unajikuta tu unachechemea.

Hakuna hata mmoja anayesema tumbadilishe. Sielewi watu hawa.

Alhamisi, 11 Desemba

Lebrón kacheza. Goti zima, nyonga nzima, miguu yote miwili mahali pake. Kapiga vizuri mara tatu, kaiba kituo kwa kukimbilia cha mbele mrushaji akiwa hajageuka, kisha awamu ya mwisho kapeleka mpira nje ya ukuta na tukashinda kumi na mbili kwa kumi na moja. Watu walivua bandeji wakazirusha hewani. Mwanamke aliyekaa mbele yangu alianguka chini akilia kwamba ni muujiza.

Jana alikuwa mchezaji mzuri. Leo ni mtakatifu. Sasa nani atathubutu kusema abadilishwe?

Wakati wa kula Iris kaniuliza kama najua habari ya goti ilianzia wapi. Nikausifu mchuzi. Akasema mchuzi bado haujaiva.

Ijumaa, 12 Desemba

Leo nimepata mgeni ambaye sikumtarajia. Kateremka kwenye pikipiki mama mmoja mnene, gauni la maua, kikapu mkononi. Doña Mamerta, yule anayeuza halua ya maziwa kando ya barabara kule Paya. Mama mzazi wa Lebrón.

Nikajua kwisha habari yangu. Nikashika spana, sijui ya nini.

Alisema ameulizauliza mpaka amefika kwa Santo, na Santo kamwambia kwamba mtu wa kwanza kulitaja goti la mwanawe ni mimi. Nikaanza kusema kwamba Santo ni mtu wa maneno mengi. Akanishika mkono wenye grisi kwa mikono yake miwili.

"Baba, mwanangu kweli alikuwa anaumwa," akasema. "Alinificha hata mimi mama yake. Kocha aliposikia maneno ya mitaani akampeleka kwa daktari, akachomwa sindano, sasa anakimbia kama mbuzi. Watu wote wanaangalia mpira ukiruka. Wewe ulimwangalia mtoto."

Nilikosa pa kutazama. Akaniachia kikapu kizima cha halua. Akasema Jumapili atakuja kwenye mkutano wa meneja, aje anisikie nikizungumza, maana mtu mwenye jicho kama langu hawezi kukosa la kusema.

Halua tamu ajabu. Nimekula nusu kikapu nikiwa nimesimama. Haikuniondolea aibu hata kidogo.

Jumapili, 14 Desemba

Ukumbi wa shule ulijaa hadi madirishani. Meneja wa klabu, bwana mmoja mwembamba wa shati jeupe, alikaa mezani na chupa ya maji. Nilikuwa nimeikariri hotuba yangu mbele ya kioo wiki nzima. Warushaji, warushaji, warushaji. Milcíades, kama mwenyekiti, alikuwa afunge mkutano kwa hotuba ya kumtetea Lebrón. Nilijua atalia kidogo katikati. Huwa analia kidogo katikati.

Jina langu likaitwa. Nikasimama. Mstari wa mbele kabisa Doña Mamerta akageuka, kavaa gauni lake la kanisani, akamwambia meneja kwa sauti ya watu wote kusikia kwamba huyu ndiye Don Fausto, amsikilize vizuri.

Nikafungua kinywa. Na kinywa changu, bila kuniuliza, kikasema kwamba mtoto wa nyumbani habadilishwi kama tairi. Kwamba warushaji wanakuja na kuondoka, lakini mtu akiruka vile mbele ya uzio, hata anayefungwa anarudi nyumbani akiimba. Nikasema nimewaona kwa macho yangu wakiimba. Machozi yakanitoka, na sijui yalikuwa ya nini. Ukumbi mzima ukasimama kunipigia makofi. Iris naye alisimama, akanitazama kama mtu aliyekuta ng'ombe sebuleni.

Ikafika zamu ya Milcíades. Masikini, nilikuwa nimemaliza maneno yake yote, hata machozi yake. Alisimama na karatasi yake. Akaitazama. Akanitazama mimi. Huyu mtu na mimi hatujakubaliana jambo lolote tangu siku ya harusi yangu, tulipogombania upande wa kuweka jukwaa la bendi. Akaikunja karatasi akaitia mfukoni.

"Kwa heshima zote kwa machozi ya shemeji yangu," akasema, "mlinzi wa nje kazi yake ni kusubiri mpira umfikie. Mrushaji ndiye anayeishika mechi mkononi."

Maneno yangu! Neno kwa neno, ya kwenye meza ya dhumna! Akayapanga yote: Santiago wana warushaji, hawana wapigaji, tuwape Lebrón, watupe Quezada. Na aliyasema vizuri kuliko mimi, kwa ile sauti ya dawa. Watu wakamzomea. Meneja hakumzomea. Meneja aliitikia kwa kichwa akaacha kunywa maji.

Doña Mamerta alinikumbatia mlangoni.

Jumanne, 16 Desemba

Redio imetangaza asubuhi. Lebrón anakwenda Santiago, Quezada anakuja kwetu.

Nilichokitaka ndicho hiki. Iris kaniuliza mbona sichezi. Nikamwambia nacheza ndani kwa ndani. Akasema basi huko ndani bendi haijaanza kupiga.

Mji umemgeukia Milcíades. Famasia haikuingia mtu, hata wenye mafua wamejikaza. Lazima niandike ukweli: nilipita mbele ya dirisha lake mara kadhaa nikiwa na furaha kubwa.

Jioni nikachukua pikipiki hadi Paya kumfariji Doña Mamerta. Nilitayarisha maneno ya msiba. Nilimkuta anafunga mizigo huku anaimba. Kumbe mke wa Lebrón ni mtu wa Santiago, mimba imeshafika miezi ya mwisho, na kijana alikuwa anasafiri usiku kucha kila akipata mapumziko ili akalale kwake. Mama mtu amesali mwaka mzima klabu imhamishie huko.

"Ungenyamaza tu siku ile, Don Fausto, ningekushukuru zaidi," akaniambia, huku akikaza kamba ya sanduku. "Nilikaa pale nasema moyoni, Mungu wangu, huyu mtu mwema ataniharibia. Lakini najua ulisema kwa upendo."

Akaomba nimbebee sanduku hadi barabarani. Nikabeba.

Ijumaa, 19 Desemba

Quezada karusha leo kwa mara ya kwanza. Ana mkono mrefu kama mti wa kuangulia mapapai, na mpira ukitoka pale wapigaji wanajitikisa tu kama wamemwagiwa maji baridi. Tumeshinda mbili kwa sifuri. Sifuri! Sijui mara ya mwisho lini wapinzani waliondoka Baní mikono mitupu.

Ni mrushaji niliyemchagua mimi. Kabla ya watu wote.

Baada ya mechi wamembeba Milcíades mabegani wakamzungusha bustani ya mjini, kofia imemkaa upande. Alipopita mbele yangu akanipungia mkono. Nikawaambia waliokuwa karibu kwamba wazo lile ni langu, nililisema mimi kwenye dhumna. Wakacheka mpaka wakashikana. Mmoja akaniambia, "Fausto, tumekuona ukilia kwa ajili ya Lebrón kwa macho yetu."

Nereida alikuwepo ile siku ya dhumna. Nikamwita athibitishe. Kasema hakumbuki.

Jumapili, 21 Desemba

Tumefungwa moja kwa sifuri.

Leo si zamu ya Quezada. Alikaa benchi akitafuna mbegu. Mrushaji anafanya kazi siku moja, halafu siku nne anatafuna mbegu! Hakuna aliyelifikiria hili? Na waliobaki hakuna hata mmoja anayeweza kupeleka mpira nje ya ukuta. Watu wamerudi majumbani kimya. Kimya kile kilinichoma kuliko kufungwa kwenyewe.

Nimefikiri njia nzima ya kurudi. Timu bila mpigaji ni gari bila injini. Tuwarudishie Santiago huyu mtafuna mbegu, watupe mlinzi wa nje. Rahisi kabisa. Nimemwambia Milcíades mlangoni kwake, akasema mtu anayemgusa Quezada aanze na yeye kwanza. Sasa ameshaweka picha ya Quezada dirishani.

Basi. Kesho naanza upya, na safari hii kwa uungwana. Sitamsingizia mtu ugonjwa. Nitasema tu, kwa chini sana, kwamba Quezada amepata mchumba Santiago na harusi iko karibu. Habari njema. Habari njema haijapata kumdhuru mtu.

Iris ananiuliza naandika nini na kucheka peke yangu. Nimemwambia ni salamu za Krismasi.