Nguo za Kutokea

Jumatatu, 6 Julai

Na bado nashikilia kwamba kofia haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la kabati. Kabati dogo la milango miwili, watu wawili, na mimi na mambo yangu. Laazizi alikuwa anatafuta soksi tu, maskini. Akavuta mlango. Kofia ikatangulia, mikoba ikafuata, na kiatu chekundu kikashuka kisigino kwanza juu ya kidole gumba cha mguu wake.

Hakupiga kelele. Mume wangu hapigi kelele! Alikaa kitandani, akakishika kidole kama mtu aliyeshika yai, nami nikampulizia. Mwaka kasoro siku kumi na tatu tangu harusi, na bado nikimpulizia kidole moyo wangu unadunda.

Akauliza, kwa ule upole wake, hivi vyote ni vya lini. Nikamwambia ni vya mwaka huu, mwaka wetu. Akauliza mbona hajaniona nikitoka navyo. Nikamweleza kuwa hizo ni nguo za kutokea. Akauliza tumetoka lini.

Swali gumu.

Kwa bahati mbaya wifi alikuwa amekuja kuomba kiberiti. Dada yake Laazizi, anakaa chumba cha pili uani. Muhula ujao anaanza kazi ya ualimu na anatangazia dunia kwamba ana sketi mbili. Tena vipimo vyetu ni sawasawa, kuanzia shingo hadi kifundo cha mguu. Mkosi mtupu. Kiberiti alishakipata lakini akabaki kusikiliza hukumu.

Hukumu ni hii. Kabati halibebi tena. Ninachokivaa kibaki. Kile ambacho hakijawahi kutoka nje ya nyumba hii mpaka Jumapili ya tarehe kumi na tisa, siku ya kutimiza mwaka wetu, atapewa wifi. Laazizi aliisema kwa maneno mawili, akajipenda mwenyewe: "Isiyotoka, itatoka."

Tumehesabu. Vipande kumi na saba. Wifi alikuwa ameshashika gauni langu la kijani, lile lenye mkia, akaniomba nisilikunje sana maana gauni lake hilo litaweka alama.

Lake!

Jumatano, 8 Julai

Nimefikiri siku mbili. Laazizi alisema nguo itoke nje. Hakusema itoke na mtu ndani yake. Mume wangu ni fundi wa friji, mtu wa vipimo. Angetaka mtu ndani angesema.

Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nikavitoa vyote kumi na saba nikaviweka kwenye kamba uani. Kofia nikaibana kwa vibanio viwili. Miwani ya jua, zote tatu, nikazichomeka kwenye mkanda. Ilipendeza! Nikasimama nikaona mwaka mzima unapepea.

Jirani akauliza nimefungua duka lini. Mwingine akaingia geti kabisa, akaijaribu kofia, akaniuliza kama ninayo ya kahawia.

Wifi akatoka na mswaki mdomoni. Akapita kamba nzima taratibu, kama mwalimu anayekagua kucha za wanafunzi, akashika lebo moja moja. Akatema povu, akasema nguo yenye lebo haijatoka, imebadilishiwa chumba tu. Kuanzia leo kutoka ni kupita geti, mwilini mwangu, na yeye aone. Nikakata rufaa kwa Laazizi. Alikuwa amelala chini ya friji la mtu, akasema wifi ana hoja.

Halafu upepo ukaja ukachukua skafu ya maua, ikavuka geti yenyewe, ikatua kwenye kiwanda cha seremala. Nilipoifuata nilikuta kashaifunga puani kuzuia vumbi. Wifi alicheka mpaka akashika ukuta. Akaipitisha kwa kuwa imemchekesha.

Zimebaki kumi na sita.

Ijumaa, 10 Julai

Siku ndefu. Niandike kwa utulivu.

Mimi ni karani wa mapokezi kwa daktari wa meno. Napanga wagonjwa, natafuta mafaili, naliwaza watu wazima wanaolia. Sare ni koti jeupe, vifungo mpaka shingoni. Mwaka mzima nimenunua nguo nzuri ili zikae chini ya koti jeupe. Leo nikaona faida yake. Nikavaa blauzi nne, moja juu ya nyingine, na sketi mbili, nikafunga koti. Wifi alikuwa getini. Nikafungua kola akahesabu, nikapandisha pindo akahesabu tena. Akasema nimegeuka kitunguu. Lakini zimepita. Sita kwa mkupuo mmoja!

Saa tatu jasho lilikuwa linatiririka. Saa nne nikaona nyota. Daktari akatoka, akanitazama katikati, akatabasamu, akasema alikuwa ameshahisi tangu juzi. Akanipongeza. Akaamuru nisinyanyue mafaili ya rafu ya chini.

Hapo ndipo ningesema. Nakiri. Lakini muuguzi alikuwa ameshaniletea kile kiti cha wagonjwa, kinacholala nyuma, na feni ameielekeza kwangu, na maji baridi. Mgonjwa mmoja aliyeng'olewa jino asubuhi hiyo alinipongeza kwa mdomo wenye pamba. Nikasema asante. Sikusema uongo hata mmoja. Nilisema asante tu.

Muuguzi ni shoga yake wifi, walisoma darasa moja. Saa sita wifi alikuwa anajua. Yeye aliyezihesabu blauzi kwa macho yake! Namuuliza mbona hakumsahihisha mwenzake, anajibu kwamba alidhani blauzi zilikuwa za kuficha tumbo. Saa saba mama mkwe alikuwa anajua. Saa nane, nimesharudishwa nyumbani kupumzika, Laazizi alikuwa mlangoni, ana maziwa mkono wa kulia, futi kamba mkono wa kushoto, anahema. Alikuwa ameshapima ile kona ya chumba anapoweka friji bovu la vipuri, akaona kitanda kidogo kinaingia.

Nikafungua koti. Nikavua blauzi ya kwanza, nikaiweka kitandani. Ya pili. Alipoiona ya tatu alielewa. Nimejivua mimba kipande kwa kipande mbele ya mume wangu, na kila kipande kina mifuko.

Aliikunja ile futi kamba polepole, duara dogo, akaitia mfukoni. Mimi nilikuwa natazama mikono yake. Kisha mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe! Alicheka mpaka bisibisi ikamtoka mfukoni. Akanywa maziwa mwenyewe.

Halafu akauliza nani atamwambia mama.

Hakuna aliyejitolea.

Jumapili, 12 Julai

Mapumziko. Nimekaa kitandani nautazama mwaka wangu.

Viatu vyekundu: mwezi wa pili wa ndoa. Nilivaa ndani, nikatembea mbele ya Laazizi mara tatu. Alisema, "Umependeza," macho yakiwa kwenye waya. Saa ya mkononi: mwezi wa nne. Haifanyi kazi, niliipendea mkanda. "Umependeza." Miwani ya kwanza niliinunua kwa sababu ya fremu nyeupe, ya pili kwa sababu niliionea huruma ya kwanza ikiwa peke yake, ya tatu sikumbuki. "Umependeza, umependeza, umependeza." Siku moja nilisimama mlangoni na ndoo na kanzu kuukuu ya kulalia, yenye tundu kwapani. "Umependeza."

Nampenda kupita kiasi. Lakini mwanamke anataka kujua kama anaonwa au anasikika tu.

Ndiyo maana nilinunua gauni la kijani. Kitambaa kinateleza kama maji na mkia unakufuata nyuma hatua nzima. Nilisema moyoni, siku akinitoa nikiwa na hili, ataona. Siku haikuja. Likakaa kwanza ndani ya friji bovu, maana vitu vyangu vingi hupita humo kabla ya kuhamia kabatini. Ni maficho mazuri. Laazizi hulifungua akitafuta vipuri tu.

Kwa hiyo wifi achukue chochote, gauni hapana. Laazizi ameniambia Jumapili ijayo atanitoa, chakula cha mchana, kuadhimisha. Gauni litatoka siku hiyo na si kabla. Vingine tisa nitavimaliza mapema.

Jumanne, 14 Julai

Nimekwenda kununua chumvi.

Nilivaa kofia, viatu vyekundu, mkanda, saa, mikoba miwili, miwani tatu: moja machoni, moja juu ya kofia, moja imening'inia kifuani. Wifi alitoa kiti nje akakaa kuangalia. Nilipopita geti aliniuliza nasafiri na ndege gani. Sikujibu. Mtu aliyevaa vile hajibu.

Mwenye duka aliniamkia kwa heshima asiyowahi kunipa. Akadhani nimetoka ofisi ya kukagua mizani, akaificha yake chini ya kaunta. Wakati wa kurudi, kisigino cha kulia kikaingia kwenye chuma cha mtaro. Nikavuta. Nikavuta tena. Mguu ukaja, kiatu kikaja, kisigino kikabaki. Nimerudi nyumbani nikienda juu, chini, juu, chini.

Wifi amepitisha vyote tisa. Kiatu kimoja amekiandika kama marehemu.

Chumvi nimeisahau.

Alhamisi, 16 Julai

Nimegundua leo kwamba ningeweza kuvaa kimoja kimoja kila jioni, na vyote vingetoka bila tabu. Haikunijia. Basi.

Limebaki gauni. Wifi amepita dirishani akipima hatua, eti anajizoeza kutembea na mkia mbele ya darasa. Mama mkwe amepiga simu mara mbili. Laazizi aliiacha ikaita. Mimi nikaiacha pia. Tunafanana katika mambo mengi mazuri.

Jumapili, 19 Julai

Mwaka mmoja! Nimeamka nikamtazama akilala, kinywa wazi kidogo. Mzuri!

Saa sita nilikuwa nimevaa. Wifi alikuwa getini tangu saa tano, amekunja mikono. Saa sita na robo simu ikalia. Mwenye bucha. Friji lake kubwa limezima, nyama nusu ng'ombe ndani, anamlilia fundi kama msiba. Laazizi akanitazama. Akasema atarudi haraka. Mimi namjua, friji la bucha si la kurudi haraka. Nikimwacha aende, siku itaisha, gauni litakuwa limekaa ndani, na wifi atakuwa anafundisha hesabu ndani ya mkia wangu.

Nikachukua kisanduku cha vifaa nikasema twende wote.

Tukapita geti. Wifi alihesabu tu: moja.

Buchani kuna vigae vyeupe na harufu ya damu. Laazizi akalala chini, nyuma ya friji. Mimi nikachuchumaa na tochi, mkia nimeukusanya mkononi. Mwenye bucha akaniuliza kwa adabu kama natoka harusini. Nikamwambia naelekea. Laazizi akagusa waya, mashine ikanguruma, nikashtuka, mkia ukaponyoka. Feni ya nyuma ikaushika. Ikauvuta. Nikaanza kurudi kinyumenyume kuelekea kwenye friji, polepole, na tochi yangu mkononi.

Akazima. Akachukua mkasi wake wa waya, akaniambia nitulie, akakata. Kraa! Kisha akabaki amepiga magoti, ameshika kipande cha kijani, ananitazama. Ananitazama hasa.

Akasema hili ndilo nililonunua siku ile ya mvua, likakaa wiki mbili kwenye friji bovu, droo ya chini. Alilitoa akalifuta unyevu, akalirudisha. Akataja na viatu: rafu ya juu, ndani ya gazeti. Kofia: kwenye sehemu ya barafu, iliacha umbo kwenye vumbi. Saa alijaribu kuitengeneza ikamshinda. Vyote! Alikuwa akingoja avione vikitembea nje, akaona mwaka unaisha, akatafuta namna ya kuvitoa. Ndiyo hukumu ile.

Nililia kidogo. Mwenye bucha akanipa kipande cha karatasi ya kufungia nyama. Tukala maini hapohapo, aliyatia kwenye kikaango mwenyewe kwa furaha ya friji kupona.

Wifi alikuwa bado getini tuliporudi. Akalizungushia gauni macho, mbele na nyuma. Akakiri limetoka. Akaomba kile kipande kilichokatwa. Nikampa, nina moyo mkubwa leo. Akakifunga kichwani, mkunjo mmoja, bila kioo.

Amependeza kunishinda mimi na gauni lote. Sitaandika zaidi.

Jumatatu, 20 Julai

Nimejifunza mengi. Nguo ni za kuvaliwa, na mume asiyeangalia huwa anaangalia. Kuanzia sasa sinunui kitu mpaka mwakani.

Baada ya kazi nimepita dukani, kuangalia tu. Kulikuwa na gauni la rangi ya maziwa, limekunjwakunjwa chini ya kifua, pana tumboni, linashuka kwa raha. Muuzaji akauliza ni miezi mingapi. Nikamwambia kumi na miwili jana. Akanitazama tumboni, akalifunga.

Nimeliweka kwenye friji bovu, droo ya chini. Hatajua.

Halafu mama mkwe akapiga. Nikapokea, mtu hawezi kukimbia milele. Ameshafuma kofia mbili ndogo, moja ya njano, moja ya kijani, na soksi anamalizia. Nikafungua mdomo nimweleze ukweli, nikaona habari hizi si za kwenye simu. Ni za uso kwa uso, na mtu amevaa vizuri. Kwa hiyo nimemwambia asihangaike, tunakuja wenyewe, mimi na mwanawe, kabla mwezi huu haujaisha, na nguo ya kutokea ninayo.