Kepteni na Kifungu cha Tisa

Tak-tak-tak. Kimya. Tak-tak-tak.

Gizani, kabla jogoo hajakohoa, cherehani ya chini ilikuwa imeshaamka, na bwana wa chumba cha juu akafungua jicho moja. Wengine wakisikia cherehani saa hizo husema, masikini, mwenzetu anahangaika. Yeye aliwaza hivi: palipo na fundi pana sare, palipo na sare pana cheo, na palipo na cheo watu huona haya kuuliza maswali.

Kulipokucha akashuka na shati lake jeupe.

"Fundi, nishonee mistari mabegani. Ile ya rubani."

"Mingapi, kaka?"

"Kwani bei inapanda kwa mistari?"

"Bei ni ile ile."

"Basi weka minne. Nitakulipa mwisho wa mwezi."

Hivyo ndivyo alivyopata ukepteni, kwa sindano na kwa mkopo. Binti wa fundi, mwenye miaka mitano, alikuwa chini ya meza akikusanya vipande vya uzi. Alimtazama kutoka kiatu mpaka kola.

"Ndege yako iko wapi?"

"Iko gereji, mama."

Wiki haikuisha, tangazo likabandikwa mlangoni: shule ya urubani inaajiri wakufunzi, uzoefu si lazima, mshahara mnono, gharama za mafunzo juu ya mwajiriwa. Chumba cha juu kikawa ofisi. Palikuwa na kiti cha kuzunguka, kalenda yenye picha ya ndege, na simu ya mezani ambayo waya wake uliishia nyuma ya kabati. Mkataba nao aliupata bure, kutoka kwenye makaratasi ya kampuni moja iliyokufa, iliyokuwa ikiajiri wapishi wa meli. Ukurasa wa kwanza alifuta "meli" akaandika "ndege". Ukurasa wa pili akauwekea kikombe cha chai. Kurasa zilizobaki hakuzisoma, siku ile wala siku nyingine, kwa kuwa alikuwa na uhakika kwamba hakuna binadamu anayesoma mkataba mpaka mwisho.

Wa kwanza kupanda ngazi alikuwa muuza nyama.

"Yaani nilipe ndiyo niajiriwe?"

"Mzee wangu, unalipa mara moja, unalipwa mpaka uzeeni. Hapo nani kampunja nani?"

Muuza nyama akapima, kama alivyozoea kupima, kidole kikiwa juu ya mizani. "Na nikilipia mafunzo mara mbili, mshahara si utakuwa mara mbili?"

Kepteni akamshika bega, machozi ya mapenzi yakimlengalenga. "Wewe," akasema, "una kichwa cha uongozi."

Siku ya nne akaja mdogo wake fundi, kijana mpole, na barua mbili mfukoni. Moja ilikuwa ya kiwanda cha maji, kilichomtaka awe dereva kwa mshahara mdogo, bila kulipia chochote. Nyingine ya Kepteni. Alikuwa anazipima, akasema, hajui ipi nzito.

"Hiyo ya bure ndiyo uiogope," Kepteni akamwambia kwa upole. "Mdogo wangu, umewahi kuona kitu cha maana kikikufuata kikuombe ukichukue?"

Kijana akaenda kuuza pikipiki. Ndiyo iliyompeleka yule mtoto shule, na ndiyo iliyoleta unga nyumbani.

Kesho yake fundi alipanda ngazi, tepu ya kupimia ingali shingoni.

"Kaka, mrudishie kijana hela yake. Ile pikipiki ndiyo mkono wetu wa kulia."

"Dada, roho inataka. Ila kifungu cha saba: ada ikishalipwa hairudishwi. Hata mimi kimenifunga." Hicho ndicho kifungu pekee alichokijua, na alikijua kama dua.

Fundi hakubishana. "Basi naomba nakala, nikasome."

"Chukua hata mbili."

Laiti angejua kwamba yule dada, akishafunika cherehani, huenda darasa la jioni, na kwamba hulipia ada ile kwa jasho na kwa hiyo husoma kila herufi anayopewa, angempa nusu karatasi.

Ijumaa akaingia mama mmoja mwenye koti la kijivu lililomkaa kama ngozi. Kwenye kola palibaki alama ya chaki. Kepteni aliiona, akadhani ni vumbi la uwanja wa ndege.

"Sifa zako zimetufikia," mama akasema. "Sisi ni shule kubwa, tunatafuta mkurugenzi wa wanafunzi. Nyumba ipo, gari lipo na dereva wake."

"Na mshahara?"

Mama akaandika tarakimu kwenye karatasi, akaisukuma mezani. Kepteni akahesabu masifuri, akarudia kwa kutumia kidole.

"Kuna mafunzo ya wiki mbili tu. Hayo mwajiriwa hujilipia. Kuna bwana mwingine analeta ada yake saa tisa."

Maneno hayo Kepteni alikuwa ameyatamka kwa watu kumi na mmoja. Ajabu ya sikio, halitambui maneno ya kinywa cha jirani yake. Alichosikia ni saa tisa, na bwana mwingine. Akafungua kabati, akatoa bahasha ya muuza nyama, ya kijana na za wengine wote, akamkabidhi, akatia sahihi kila alipoonyeshwa.

Jumatatu alifika mahali alipoelekezwa, mistari minne ikimeta. Palikuwa na jiko la kantini nyuma ya shule ya watu wazima. Mpishi, mwanamke mwenye mikono ya kubeba masufuria, alimkagua.

"Wewe ndiye mkurugenzi?"

"Ndiye."

Akamkabidhi kisu na kumwonyesha gunia. "Kifungu cha tisa."

Kepteni akafungua mkataba, akausoma kwa mara ya kwanza maishani. *Katika kipindi cha mafunzo, mwajiriwa atamenya viazi vya wahudumu wote wa chombo, mpaka meli itakapotia nanga.* Na hapo, pembeni ya ukurasa wa pili, palikuwa na duara jeusi la kikombe. Kikombe chake.

Alirudi mbio. Mlangoni kwa fundi, kijana alikuwa akijaza upepo tairi la pikipiki aliyoikomboa, na muuza nyama akihesabu hela yake, amekunja uso, bado akiulizia mshahara wa mara mbili. Yule mama wa koti, mwalimu wa darasa la jioni, alikuwa akishonewa na fundi kifungo cha mkono wa koti.

"Nitakwenda polisi," Kepteni akasema.

"Nenda, kaka," fundi akajibu bila kuinua macho. "Ukifika, waanzie na hiyo mistari. Au uniachie, maana mwezi umeisha hujailipa."

Kepteni akatazama barabara, akamtazama muuza nyama, akavua shati. Wembe mdogo ukapita mabegani mara nne, kwa adabu zote za ufundi.

Mtoto alikuwa kizingitini na ukurasa wa mkataba, akiukunja, akiunyoosha mabawa kwa ukucha. Akaurusha. Ukapita juu ya cherehani, juu ya kichwa cha Kepteni, ukatoka mlangoni ukielea.

"Mama, hii imeruka," akasema.